Barua ya wazi kwa viongozi wa afya Zanzibar: anayeogopa kuzaa naye asikilizwe

Kwa Waheshimiwa viongozi wa Wizara ya Afya ya Zanzibar, wakurugenzi wa hospitali za Unguja na Pemba, madaktari wa wanawake, na wakunga wasimamizi wa wodi za wazazi.

Assalaam alaykum.

Waheshimiwa, nawaandikia kuomba jambo moja. Mwanamke mjamzito anayeogopa kuzaa, kwa hofu ile inayomkosesha usingizi na chakula, naomba asikilizwe na ahudumiwe kama mgonjwa mwengine yeyote. Na ikiwa ameshapewa ushauri na msaada wa kweli, muda ukakaribia na hofu iko pale pale, naomba aruhusiwe kujifungua kwa operesheni iliyopangwa mapema, katika hospitali ya Serikali, bila ya kusingizia maradhi asiyokuwa nayo na bila ya kuuza dhahabu yake.

Mimi ni mwalimu wa skuli huku Pemba na mama wa watoto wawili. Ninayoyaandika yamenifika mwenyewe. Na tangu nianze kuyasema wazi, wanawake wamekuwa wakinifuata kunieleza yao, jikoni kwenye shughuli za harusi, msibani, ndani ya boti ya kwenda Unguja. Wengi huanza kwa kunong'ona. Mmoja alinambia hajawahi kumwambia mtu, hata mumewe, na mtoto mwenyewe keshaingia darasa la tano.

Mtoto wangu wa mwanzo nilimzaa salama, alhamdulillahi, na hivyo ndivyo kila aliyekuja kunitazama alivyosema: mama mzima, mtoto mzima, basi. Yaliyopita kati ya saa tatu za usiku na adhana ya alfajiri hakuna aliyeyauliza. Nilichanwa bila ya kuambiwa kwamba nachanwa. Nilishonwa ganzi haijashika. Nilipolia niliambiwa, "Ulipokuwa ukiitafuta hukulia." Mama yangu alikuwa nje, amekalia mkeka chini ya dirisha, anasikia kila kitu, na hakuruhusiwa kuingia. Mkunga wa usiku ule alikuwa peke yake na wanawake kadhaa kwa pamoja, mmoja wao anavuja damu. Simtaji wala siitaji hospitali, kwa sababu sikuja kumshitaki mtu. Nimekuja kueleza kilichobaki.

Kilichobaki ni hiki. Nilipobeba mimba ya pili, miaka mitatu baadaye, mwili wangu ulikataa. Gari ikipita mbele ya geti la hospitali, viganja vinarowa jasho. Usiku naota nimeshikwa miguu. Mchana nasomesha vizuri, nasahihisha madaftari, nikifika nyumbani nalia chooni nimefungulia bomba ili watu wasisikie. Kulikuwa na wiki ambazo nilikuwa namuomba Mungu anichukue kabla ya siku yenyewe kufika, na mwezi wa tano nilimwandikia mume wangu karatasi ya madeni yangu na nani alee mtoto. Mimba niliitaka, na mtoto nilimtaka. Kilichonishinda ni siku ile moja.

Nikenda kliniki kusema. Chumba kina meza mbili, wauguzi wawili, wajawazito wawili kwa wakati mmoja, na benchi la wanaosubiri liko mlangoni, mlango wazi kwa joto. Nikasema kwa sauti ya chini, "Dada, mimi naogopa kuzaa. Naomba nipasuliwe." Yeye akalirudia neno langu kwa sauti ya kawaida yake: "Unaogopa kuzaa? Na hili tumbo umelipata wapi?" Benchi likacheka. Akanipima presha, akapima urefu wa tumbo kwa utepe, akasikiliza mapigo ya mtoto, akaandika uzito, akanipa vidonge vya kuongeza damu. Kadi ilijaa. Kwenye kadi nzima hapakuwa na mstari wa kuandika nilichokuja kusema.

Daktari niliyepelekwa kwake mara iliyofuata alikuwa mtu mpole na alinipa muda. Alinambia mambo mawili: kwamba operesheni si jambo dogo, na kwamba mimi sina sababu ya kitabibu ya kupasuliwa. La kwanza ni kweli na nitalirudia. La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu hofu hii inajulikana katika utabibu na imeandikwa kwa muda mrefu. Tangu 1858 daktari wa Ufaransa, Louis-Victor Marcé, alieleza wajawazito wa mimba ya mwanzo ambao kutojua maumivu yanayowangoja kunawatia wasiwasi usiomithilika. Mwaka 2000, Kristina Hofberg na Ian Brockington, madaktari wa akili wa Uingereza, walichapisha habari za wanawake 26 wenye hofu hii na kuipa jina la tokofobia. Waliwagawa: wapo walioanza kuogopa tangu usichanani, hawajawahi kubeba mimba, wapo ambao hofu iliwaanza baada ya kuzaa vibaya, kama mimi, na wapo ambao hofu imekuja pamoja na sonona ya ujauzito. Katika hao 26, walionyimwa njia ya kuzaa waliyoiomba waliteseka zaidi kiakili baadaye kuliko waliokubaliwa.

Tena si wachache. Utafiti uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali mwaka 2017 ulikadiria kwamba karibu asilimia 14 ya wajawazito wana hofu kali ya kuzaa, ingawa viwango vilitofautiana sana kati ya nchi na nchi. Wala hofu haiishii kichwani. Huko Norway walifuatilia wanawake zaidi ya 2,000, wakakuta wenye hofu ya kuzaa uchungu wao ulichukua muda mrefu zaidi, kiasi cha dakika 47 hata baada ya kuzingatia sababu nyengine. Wakunga wetu wanalijua hili bila ya kusoma utafiti wowote. Wanamjua mwanamke anayefika njia imefunguka vizuri, akaingia chumba kile, akaona vile vitanda, na uchungu wote ukasimama.

Kuna wanaosema kuogopa kuzaa ni upungufu wa imani. Hawa nawajibu kwa heshima, kwani nimelelewa chuo cha Kurani kama wao. Kisa cha Bibi Maryamu tumesomeshwa sote tukiwa watoto. Uchungu ulipomfika alishika shina la mtende na akatamani angelikufa kabla ya siku ile, na yeye ni mwanamke aliyeteuliwa juu ya wanawake. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaoneshwa maji chini yake, akaambiwa autikise mtende ale tende, anywe na macho yake yatulie. Nikilisoma hilo huwa naona mkunga anavyopaswa kuwa.

Sasa nirudi kwa alilosema daktari, maana sitaki yeyote adhani naomba kisu kwa wepesi. Mwaka 2019 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa operesheni za uzazi katika nchi 22 za Afrika, wanawake 3,684. Waliokufa walikuwa kiasi cha 5 katika kila 1,000, mara 50 zaidi ya nchi tajiri. Nililisoma hilo mara nyingi nikiwa na mimba, na nawaomba wanawake wenzangu walisome pia. Na kwetu tunazaa. Mwanamke wa Pemba aliyepasuliwa kwa mtoto wa kwanza anaweza kubeba mimba nyengine tano, na kila kovu linaongeza uwezekano wa kondo kujishikiza juu ya kovu la nyuma, likang'ang'ania na kuleta damu isiyozuilika, au kovu lenyewe kupasuka wakati wa uchungu, pengine akiwa kisiwani Kojani au Fundo na mashua iko upande wa pili. Daktari anayekataa kwa kuyafikiria hayo anamtakia mgonjwa wake mema.

Lakini utafiti huo huo unasema zaidi ya idadi ya vifo. Operesheni nyingi katika wale 3,684 zilikuwa za dharura. Vifo vilihusishwa hasa na kuvuja damu kabla na wakati wa operesheni, kizazi kupasuka, kondo kubanduka au kukaa vibaya, na matatizo ya dawa ya usingizi. Hao ni wanawake waliofika mezani wameshaumia. Operesheni ya mwanamke mzima, iliyopangwa asubuhi, damu ya kundi lake imeshatafutwa, mtaalamu wa ganzi yupo na hajachoka, ni jambo jengine. Hatari inabaki, na nani asiyejua, lakini haipimwi kwa kipimo kile kile. Na mwenye hofu aliyekataliwa haachi kuwa na hofu. Mara nyingi anaishia kwenye operesheni hiyo hiyo, saa nane za usiku, baada ya uchungu kukwama.

Au haishii hospitali kabisa. Kuna binti mmoja wa kijijini kwetu ambaye mama yake alifariki kwa uzazi yeye akiwa mdogo. Alipopata mimba alikwenda kliniki mara ya kwanza, akasema anaogopa, akaambiwa ataizoea. Hakurudi. Uchungu ulipomshika alijificha kwa bibi yake shamba, akazaa huko, damu ikamwagika mpaka akapoteza fahamu, na gari ya kumchukua ikapatikana kwa bahati. Anaishi, namshukuru Mungu, na mtoto anaishi. Nyinyi mnatumia fedha nyingi kila mwaka kuwahimiza wanawake wazalie hospitali, na nyumba kwa nyumba wanapita wahudumu wa afya wa jamii wa mpango wa Jamii ni Afya na simu zao kuwaandikisha wajawazito. Binti huyu aliandikishwa. Aliyemkimbiza ni hofu, na hofu haikuwemo kwenye maswali.

Mimi sikukimbilia shamba kwa sababu nilikuwa na uwezo wa kukimbilia pengine. Familia ilichanga, nikauza bangili zangu za harusi kwa sonara, nikavuka bahari, nikenda hospitali ya binafsi. Huko nilitaja ninachotaka nikatajiwa bei. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Hakuna aliyenieleza habari ya kovu na kondo, wala kuniuliza nakusudia kuzaa watoto wangapi. Nilipewa ganzi ya mgongo, mtoto akatolewa, akalia, nikamwona. Kidonda kilinisumbua kwa wiki kadhaa. Nikikohoa nabana mto tumboni, na mwanangu mkubwa alikuwa analilia kupakatwa nami siwezi kumnyanyua. Usingizi ulinirudia usiku wa pili, na zile ndoto hazijarudi tena mpaka leo.

Nikiyatazama sasa, naona hospitali moja ilinikatalia bila ya kunisikiliza na nyengine ikanikubalia bila ya kunisikiliza. Yote mawili ni makosa, na la pili linapatikana kwa mwenye pesa tu. Nchi hii ilitangaza matibabu bure mwaka 1965 ili afya ya mtu isitegemee mfuko wake. Mke wa mvuvi wa Shumba Mjini mwenye hofu kama yangu hana bangili za kuuza. Atafanya nini? Wengine, nimeambiwa na wenyewe, hujifunza cha kusema: nina pumu, nina presha, mtoto wa mwanzo alikwama. Daktari mwenye huruma naye humwandikia kwamba mtoto ni mkubwa. Faili linasema uongo, na nyinyi mnaosoma takwimu mnapanga mipango kwa uongo huo.

Wenzetu wamelifanyaje? Nchini Uswidi hospitali nyingi zina kliniki maalumu za wakunga, zinaitwa Aurora, kwa ajili ya mwanamke anayeogopa kuzaa. Anakaa na mkunga, anazungumza, anaoneshwa wodi kabla ya siku yake, wanaandika pamoja nini kifanywe na nini kisifanywe. Uingereza, mwongozo wao wa taifa tangu 2011 unasema mwanamke anayeomba operesheni kwa sababu ya hofu apewe kwanza msaada wa mtaalamu wa afya ya akili ya uzazi, aelezwe faida na hatari zote, na ikiwa baada ya hayo bado hawezi kukubali kuzaa kwa kawaida, apangiwe operesheni. Daktari ambaye dhamiri yake haimruhusu halazimishwi kuifanya. Anampeleka mwanamke huyo kwa daktari mwenzake.

Na hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu najua mnachokiogopa ni foleni ya wanawake kwenye mlango wa chumba cha operesheni. Finland walichukua wanawake 371 wa mimba ya mwanzo wenye hofu kali, baadhi wakapewa vikao vya kikundi vya mazungumzo na mafunzo, wengine wakaachiwa huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2013. Waliopata vikao walijifungua kwa njia ya kawaida kwa wingi zaidi na operesheni zao zilikuwa chache zaidi. Kumsikiliza mwenye hofu kunapunguza operesheni. Mimi mwenyewe sijui ningechagua nini kama mtu angekaa nami mwezi wa nne akaniahidi, kwa maandishi, kwamba sitachanwa bila ya kuambiwa, kwamba nitapewa ganzi na itasubiriwa ishike, na kwamba mama yangu atakaa kichwani pangu. Huenda ningezaa Pemba, kwa njia ya kawaida, na bangili ningekuwa nazo. Shirika la Afya Duniani lilisema 2015 kwamba operesheni zikizidi asilimia 10 ya uzazi wote katika jamii, vifo vya mama na watoto havionekani kupungua zaidi kwa sababu hiyo. Tamko hilo hilo linasisitiza kwamba juhudi ziwe za kumfikishia operesheni kila mwanamke anayeihitaji, badala ya kukimbizana na idadi fulani.

Msinambie kwamba haya ni ya Ulaya na sisi hatuna uwezo. Pale Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kati ya 2014 na 2016, ulifanywa mradi wa kuboresha huduma za uzazi ulioitwa PartoMa. Wakati huo mkunga mmoja alikuwa anahudumia wanawake watatu hadi sita wenye uchungu kwa pamoja. Hawakuongezewa jengo. Wakunga na madaktari wa hapo hapo walishirikishwa kuandaa kijitabu kidogo cha mwongozo cha kutia mfukoni, na wakawa wanafanya semina fupi kila miezi mitatu. Watoto wanaozaliwa wakiwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Hayo ni mafanikio ya wakunga wetu, katika hospitali yetu, na kijitabu kile kingeweza kuwa na ukurasa mmoja juu ya hofu.

Basi ninachoomba kwa vitendo ni kama hivi. Kwenye kadi ya kliniki na kwenye simu za wahudumu wa jamii uongezwe mstari mmoja: mama ana hofu gani juu ya kuzaa? Aulizwe tangu mwanzo wa mimba, aulizwe tena kuanzia mwezi wa saba, na aulizwe peke yake, pahala ambapo benchi halisikii. Akijibu kwamba anaogopa sana, apangiwe kukaa na mkunga aliyefunzwa kwa ajili hiyo, katika hospitali ile ile anayohudhuria, iwe Wete, Chake Chake, Micheweni au Abdalla Mzee pale Mkoani, iwe Kivunge au Makunduchi kwa walioko Unguja. Msimpeleke Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Wataalamu wa afya ya akili wa pale tunawahitaji sana, na nawaomba waje wao wawafundishe wakunga, kwa sababu mwanamke wa kwetu akionekana anaingia geti lile, mtaa mzima utasema amerukwa na akili, na ndoa inaweza kuvunjika.

La kuwa na mtu karibu wakati wa uchungu lisingojee hata wiki moja. Shirika la Afya Duniani limelipendekeza kwa kila mwanamke katika mwongozo wa 2018. Mruhusuni mama, dada, wifi, somo, yeyote wa kike ambaye mzazi mwenyewe amemchagua. Najua wodi nyingi ni chumba kimoja chenye vitanda vingi na stara ya wengine ina haki yake. Mapazia ya kuvuta kati ya vitanda yanashonwa na fundi cherehani wa mtaani, na kama fedha ni tatizo sisi wanawake tutachanga vitambaa. Somo wetu hutufunza mengi kabla ya harusi, mpaka namna ya kutandika kitanda, lakini juu ya siku ya kuzaa wengi tunabaki na visa vya kutisha tu tulivyosikia jikoni. Somo akiingia leba mara moja akaona, atafunza vyengine.

Kwa yule ambaye ameshapita yote hayo na bado hawezi, uwepo utaratibu unaojulikana. Akutane na daktari zaidi ya mara moja, aelezwe hatari za operesheni kwa lugha anayoielewa, pamoja na zile za mimba zake za mbele, uamuzi uandikwe kabla ya mwezi wa mwisho, na operesheni ipangwe wiki ya 39, kwa sababu kabla ya hapo mapafu ya mtoto yanaweza kusumbua. Kwenye faili iandikwe sababu yenyewe: hofu kali ya kuzaa. Dharura ikiingia asubuhi hiyo, dharura itangulie, naye asubiri siku ya pili. Sijaonana na mwanamke hata mmoja ambaye angelikataa hilo. Na saini iwe yake. Nilipokuwa nazungumza na daktari niliulizwa mara mbili mume wangu anasemaje, na mume wangu ni mtu mwema, aliyelia pamoja nami, lakini si yeye atakayelala pale. Mume ashauriwe, aelezwe, aulizwe kama ana la kusema. Mwenye tumbo ndiye akubali au akatae.

Wakunga mtakaoisoma barua hii, najua mnafanya kazi usiku mbili mfululizo, mnabeba vifo ambavyo hamkuvisababisha, na wengi wenu pia mmezaa katika wodi zile zile. Kuna mmoja wenu ambaye, siku nilipotoka kwa daktari nimekataliwa, alinifuata kwenye korido, akanishika mkono, akanambia, "Mimi nilikuwa kama wewe kwa mtoto wangu wa pili." Hakuwa na mamlaka ya kunisaidia. Alinitafutia kiti, akanipa maji, akakaa nami mpaka nikaweza kutembea. Mtu kama yule apewe mafunzo na chumba, na mtakuwa mmeshaanza.

Waheshimiwa, tunaomba jibu, na tunaomba mlibandike kwenye mbao za matangazo za kliniki za wajawazito pamoja na kulisoma redioni, maana wanaohusika zaidi hawasomi magazeti. Likiwa ni ndiyo kwa baadhi na hapana kwa mengine, tuambiwe lipi ni lipi na kwa sababu gani. Mkiunda kamati ya kulitazama, muweke ndani yake wanawake waliopitia, wa mjini na wa shamba. Mimi niko tayari kuja popote mtakaponiita, Unguja au hapa Pemba, kueleza haya mbele ya wakunga wanafunzi, na ninao wenzangu ambao sasa wako tayari kusema bila ya kunong'ona.

Wabillahi tawfiq.

Mimi mwananchi wenu,
mwalimu na mama wa watoto wawili, Pemba